MAZUNGUMZO YA AFYA: MATUNZO BAADA YA BONGE LA DAMU KATIKA PAFU

Ndugu watumishi wa Serikali na wananchi wa Kasulu na Kibondo,

Mgonjwa aliyepata bonge la damu katika pafu, kisha akaruhusiwa kutoka hospitalini, hudhaniwa na wengi kuwa amekwisha kupona. Dhana hiyo si sahihi. Kurejea nyumbani ni mwanzo wa sehemu ya pili ya matibabu, nayo humkuta mgonjwa akiwa mbali na daktari aliyemtibu.

Mara nyingi bonge huanzia katika mishipa ya ndani ya mguu, hung'oka, hupita katika moyo na kuziba mshipa wa pafu. Walio katika hatari zaidi ni waliofanyiwa upasuaji au kuvunjika mifupa, wajawazito, waliojifungua karibuni na wenye saratani. Hata kukaa kitini saa nyingi, kama katika basi la kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, huongeza hatari hiyo.

Dawa za kuzuia damu kuganda haziliyeyushi bonge. Hulizuia lisikue, na huzuia jingine lisifanyike, wakati mwili wenyewe ukiliondoa taratibu. Kwa hiyo hutumiwa kwa muda usiopungua miezi 3, na kwa baadhi ya wagonjwa miaka mingi. Anayeziacha kwa kuwa pumzi imerejea hujirudisha hatarini.

Atumiaye warfarini hupimwa damu kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda; kikipanda mno, damu huvuja. Sombe, mchicha na matembele si mwiko, ila kiasi chake kisibadilike ghafla. Zipo pia dawa mpya, kama rivaroksabani, zisizohitaji kipimo hicho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini nguvu yake huisha upesi, hivyo dozi isirukwe. Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa na aulize mambo matatu: kipimo kitafanyika wapi, tarehe gani, na dawa alizopewa zitatosha siku ngapi.

Jambo la pili ni kusema. Mgonjwa afikapo zahanati kwa homa au kikohozi, aonyeshe kadi yake kabla ya kupewa dawa yoyote. Kotrimoksazoli na metronidazoli huzidisha nguvu ya warfarini; rifampisini ya kifua kikuu huipunguza. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu, na sindano ya msuli huweza kuvujisha damu ndani ya nyama. Dawa za miti shamba nazo zitajwe. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwone daktari mapema, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Sindano za heparini hutumika badala yake.

Mcheza tenisi wa Marekani, Serena Williams, alipata bonge la damu mapafuni mwaka 2011. Mwaka 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi ilimbana. Aliwaeleza wauguzi historia yake na akasisitiza apigwe picha ya kifua. Mabonge yakaonekana, akatibiwa.

Dalili zifuatazo hazingoji kesho: kukosa pumzi ghafla, kuzirai, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba, kinyesi cheusi kama lami, damu ya pua isiyokoma, na maumivu makali ya kichwa, hasa baada ya kuanguka.

Yapo pia madhara yanayokuja polepole. Mguu huweza kubaki na uvimbe na hata kidonda. Kwa wagonjwa wachache katika kila 100, makovu hubaki ndani ya mishipa ya pafu, na upande wa kulia wa moyo hulemewa. Mtu huyo hupanda kilima alichokizoea akasimama mara tatu, na jamaa wakasema ni pumu au uzee. Akiwa hivyo baada ya miezi 3 ya dawa, anastahili kurudi hospitali ya wilaya na kuomba rufaa, kwenda Maweni, Kigoma mjini, au ikibidi Bugando, Mwanza, ili moyo na mapafu vichunguzwe.

Wakuu wa idara wanaombwa wasimnyime mtumishi ruhusa siku yake ya kliniki. Jamaa nao wanaombwa wahesabu vidonge vilivyobaki na kutafuta vingine kabla havijaisha. Mgonjwa asiachwe kuibeba kazi hii peke yake.