MTOTO ATABAKI NA NANI?

Hotuba ya Mweka Hazina wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Wapo waliosema akina mama hawakai pamoja, watagombana kabla ya mgao wa kwanza. Jamani, tumegombana kweli, lakini tumekaa. (Kicheko na makofi.)

Wenzangu waliotangulia wameeleza historia ya kikundi na mafanikio yetu. Mimi nimeombwa nizungumzie jambo moja ambalo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao, nalo ni pendekezo la kikundi kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, au kama tunavyosema mitaani, dei kea. Najua wapo wanaolitaka na wapo wasiolitaka. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha kila mtu apige kura yake kwa moyo wake.

Ndugu wanachama,

Mimi ndiye ninayeshika daftari. Mwanachama akikosa marejesho, ni kazi yangu kumfuata na kumwuliza kulikoni. Majibu ninayoyapata mengi yanafanana. Mtoto aliumwa. Msichana wa kazi kaondoka bila kuaga. Bibi wa mtoto karudi kijijini kuvuna. Mama lishe ambaye hakufika kwenye jiko lake siku nne hana cha kuleta siku ya kikao. Anayeuza mboga gengeni asipowahi sokoni alfajiri anakuta makapi. Mkopo tulimpa, biashara anaijua, wateja anao. Kilichomwangusha ni swali moja tu analoamka nalo kila siku: leo mtoto atabaki na nani?

Tuhesabu kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa ampe nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Ni haki nzuri, lakini inamhusu mwenye mwajiri. Sisi wa beseni na meza ya barabarani, nani atatupa likizo? Likizo yetu ni mtaji kuliwa.

Upande wa pili, mtoto anaingia darasa la awali akiwa na miaka mitano, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada. Basi hata yule mwenye ajira, kutoka siku ya 84 mpaka miaka mitano ni kama miaka minne na miezi tisa. Na hata akishaanza darasa la awali, mtoto anatoka mapema wakati mama yake ndiyo kwanza anapakua wali wa mchana. Hilo pengo ndilo ninalolizungumzia.

Zamani pengo hili lilizibwa na nani? Lilizibwa na bibi, na shangazi, na dada mkubwa wa mtoto. Leo bibi yupo Mtwara au Singida, na sisi tupo hapa Mbagala. Dar es Salaam yetu ilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka katika miaka kumi, na wengi tumekuja bila bibi zetu. Yule dada mkubwa naye yuko shule. Tangu MMEM ilipoanza mwaka 2002, na baadaye elimu bila ada hadi kidato cha nne, mabinti wameingia madarasani kwa wingi. Tunashukuru sana kwa hilo. Lakini mama akizidiwa, nani anakuwa wa kwanza kuambiwa "leo usiende shule, bakia na mdogo wako"? Ni binti. Leo moja inakuwa wiki, wiki inakuwa muhula. Tunamkopesha mama ili binti yake asome, halafu tunamrudisha binti nyumbani ili mama afanye biashara ya kulipa mkopo. Hapo tumefanya nini?

Ndugu zangu, watu wenye fedha wameshaliona hitaji hili. Ndiyo maana vituo vya binafsi vimeota kila mtaa. Ukivitazama vizuri utaona viko vya namna tatu. Kuna vile vyenye basi la njano, picha ukutani na Kiingereza. Ada yake inalipwa kwa muhula na sisi tunavipita tu njiani. Kuna vya kati, ambavyo hupenda kupokea mtoto wa miaka mitatu au minne, aliyeacha nepi na anayejua kujilisha. Halafu kuna mama wa jirani anayepokea watoto sebuleni kwake kwa malipo ya siku.

Sasa mtoto wa miezi sita anapokewa wapi? Hapo ndipo penye shida kubwa. Mtoto mchanga anataka mikono mingi. Mlezi mmoja anaweza kukaa na watoto wengi wa miaka minne akawaimbisha, lakini hawezi kulisha, kubadilisha na kubembeleza wachanga wengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mchanga ana gharama kubwa kuliko mtoto mkubwa, na mama yake ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi kwa kuwa ndiyo kwanza anarudi kwenye biashara. Mfanyabiashara anayetafuta faida atamkimbia. Simlaumu, ni hesabu. Ndiyo maana nafasi za wachanga ni chache na wengi wao wanaishia kwa mama wa jirani.

Na huyo mama wa jirani tusimdharau. Amewaokoa wengi waliokaa humu ndani. Lakini tuseme ukweli: chumba kimoja, watoto kumi na tano, jiko la mkaa mlangoni, na mlezi yuko peke yake. Akienda chooni, nani anawatazama? Na yapo maneno mitaani ya mahali ambapo mtoto hunyweshwa dawa ya mafua ili alale mchana kutwa. Mama anamkuta mtoto katulia, anashukuru, kumbe mtoto kalewa dawa. Kulea si sawa na kutunza begi la msafiri stendi.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1981 nchi yetu ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na sasa mambo hayo yamo katika Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Kituo kinatakiwa kisajiliwe, na mlango wa kuanzia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Aidha, Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inataka mtoto apate mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtoto aliyelazwa kwa dawa anakosa yote matano.

Tatizo hili si la Mbagala peke yake. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2020 kwamba watoto karibu milioni 350 duniani, ambao hawajafikia umri wa kuanza shule, wanahitaji malezi ya mchana na hawayapati. Wapo wenzetu waliojaribu kulitatua. Kule India, chama cha SEWA cha wanawake wanaojiajiri, kilichoanza mwaka 1972, kilianzisha benki ya wanachama wake mwaka 1974, na baadaye wanachama wakaunda ushirika wao wa walezi wa watoto katika mji wa Ahmedabad. Ni akina mama wa sokoni kama sisi. Walianza na akiba, wakafika kwenye malezi, kwa sababu waliona akiba haikui mama akiwa amefungwa mguu.

Na hapa jirani, mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama hati za kulipia malezi ya watoto wao wadogo, wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa walikuwa na kazi kwa pointi 8.5 za asilimia zaidi ya wale wasiopewa. Na wale wanaolea peke yao waliweza kupunguza saa za kazi bila kupungukiwa na kipato, kwa kuwa walipata kazi zenye saa za kueleweka.

Ndugu wanachama, najua swali linalokuja. Mama zangu ambao watoto wenu wameshaoa na kuolewa mtasema: "Sisi tumelea kwa shida zetu, kwa nini hisa zetu zilee watoto wa wenzetu?" Ni swali la haki, na sitalikwepa.

Tuchukue mfano wa watoto 20, kila mmoja shilingi 3,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Mapato ni shilingi 1,560,000. Walezi watatu kwa shilingi 250,000 ni 750,000. Chakula, maji, sabuni na nishati, tuseme shilingi 1,000 kwa mtoto kwa siku, ni 520,000. Pango 150,000. Jumla ya matumizi 1,420,000. Tunabaki na 140,000. Lakini wakipungua watoto watatu tu, mapato yanakuwa 1,326,000 na matumizi 1,342,000. Tumeshapata hasara ya 16,000. Nawaambia wazi, kama kuna mtu anataka kituo hiki kilete gawio nono, bora tununue viti na maturubai ya kukodisha. (Kicheko.)

Lakini mwenzetu mmoja amejitolea nyumba yake yenye ua, bila pango kwa mwaka wa kwanza. Pango likiondoka, hata wakiwa watoto 17 kituo kinabaki na shilingi 134,000. Kituo kinaweza kujilisha chenyewe. Faida yenu, mama zangu, haitatoka kwenye ada ya watoto. Itatoka kwenye marejesho. Mkopo unaorudi kwa wakati ndio unaokuza hisa ya kila mtu, ya mwenye mtoto mchanga na ya mwenye wajukuu. Na hao wajukuu, si ndio mnaoachiwa ninyi siku saba za wiki, hata magongo yenu hayajapumzika? (Makofi.)

Kwa hiyo, naomba Mkutano Mkuu utafakari mambo haya:

1. Tuanze na watoto wasiozidi 20, na nafasi za wachanga zitengwe kwanza, kwa kuwa hao ndio wasio na pa kwenda. Tusipokee mtoto hata mmoja kabla ya usajili kukamilika.

2. Kuwe na daftari la kuingia na kutoka, jina la anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na nakala ya kadi ya kliniki. Hakuna dawa bila mama kuagiza. Mzazi aruhusiwe kuingia saa yoyote bila taarifa. Kituo kinachoficha mlango kina jambo.

3. Walezi walipwe mshahara, si posho ya huruma. Anayelea kwa njaa atalea kwa hasira.

4. Wale mama wa jirani wanaopokea watoto tusiwafukuze wala kuwasema. Wakaribishwe kujiunga, wakopeshwe kwa ajili ya choo, uzio, magodoro na maji, na wasaidiwe njia ya kujisajili. Kituo chetu cha watoto 20 hakitaumaliza mtaa huu.

5. Fedha za vifaa tuziombe halmashauri kupitia mikopo ya asilimia 10, ambayo sehemu ya wanawake ni asilimia 4 na haina riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na sisi usajili tunao. Tusiguse mfuko wa hisa mpaka njia hii ishindikane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwako nina ombi moja. Utusaidie Afisa Ustawi wa Jamii aje akague ile nyumba mapema, atuambie pungufu ziko wapi, tusije tukajenga halafu tukaambiwa tubomoe.

Na baba zetu, mmesifiwa sana leo, nami naongeza la kwangu. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Kituo kitafungwa saa kumi na mbili jioni. Siku mama akichelewa kwenye foleni ya Kilwa Road, jina la baba liwemo kwenye lile daftari la wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. (Makofi na vigelegele.)

Ndugu wanachama, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tumekijaza kwa miaka kumi. Sasa tuamue kibaba hiki kinampikia nani. Siku ya kura msiangalie sura yangu wala ya Mwenyekiti. Mkumbuke yule binti aliyebaki nyumbani na mdogo wake mgongoni leo hii, wakati mama yake yuko hapa anasherehekea nasi.