Krosi ya Gari: Uifunge Mwenyewe ama Umpe Fundi?

(Hotuba ya mwanachama mmoja, dereva, mbele ya mkutano wa wafanyakazi, Shanzu)



Leo sikusimama kusema habari za mishahara, lakini kabla sijaketi mtaona kuwa mshahara umo ndani ya maneno yangu. Nataka kusema habari ya chuma kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, yaani krosi ya propela. Kila mwenye gari kuukuu hujiuliza: je, niifunge mwenyewe nyumbani, ama nimpe fundi?

Kwanza tuijue kazi yake. Katika malori, pikapu nyingi na matatu za Hiace, injini iko mbele na magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Nguvu hutoka kwenye giaboksi, ikapita katika lile bomba refu la chuma tuliitalo propela, mpaka kwenye difu. Lakini magurudumu hupanda na kushuka kila tukanyagapo shimo, kwa hiyo propela lazima iweze kukunja huku inazunguka. Kiungo cha kukunja ndicho krosi. Ni msalaba wenye miguu minne, kila mguu umevaa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano ndogo za chuma zilizopakwa grisi. Wazungu huiita kwa majina ya Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, na Hooke, Mwingereza wa karne ya 17. Gari ndogo nyingi za siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele nazo hazina propela.

Krosi haifi ghafula. Hubisha hodi kwanza. Ukitia gia ya kwanza au ya kurudi nyuma utasikia "tak!" chini ya sakafu. Baadaye hulia kama panya gari ikienda pole, kisha huja mtetemeko ukikaza mwendo. Ukichungulia utaona vumbi jekundu la kutu kando ya kikombe, maana grisi imekwisha. Nasi wa Shanzu tunakaa ukingoni mwa bahari. Chumvi na mchanga havina urafiki na chuma. Ukipuuza, kiungo huvunjika. Propela ikianguka upande wa nyuma huburura barabarani. Ikianguka upande wa mbele huweza kujichoma katika lami kama mkuki na kuiinua gari pamoja na watu waliomo.

Sasa nisimulie kisa changu, wala sioni haya. Nilikuwa na pikapu, ikaanza kulia. Nikaona fundi atanila pesa, nikanunua krosi, na Jumapili nikaipandisha gari juu ya matofali ya matumbawe, haya tunayojengea nyumba. Nikaifungua propela, nikatoka chini kwenda kuchukua nyundo. Sijafika mlangoni, tofali likapasuka. Gari ikalala pale pale kilipokuwa kifua changu. Mke wangu alikuwa akitazama. Hakusema neno siku ile, na mimi sikula.

Hata hivyo nilikuwa mkaidi. Nikaazima jeki nyingine, nikaimaliza kazi. Gari ilipotoka barabarani ilitetemeka kuliko kwanza. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi, Kisauni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaingia chini, akatoka akicheka. "Mwanangu, propela hii uliichomoa vipande viwili. Uliipiga alama?" Nikasema, "La, Mzee." Akasema, "Basi umeirudisha kombo."

Akanieleza, nami nawaeleza. Krosi ikikunja, haizunguki sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja hukimbiza propela mara mbili na kuipunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hulisahihisha kosa hilo, lakini kwa sharti kwamba panda mbili za propela zielekee upande mmoja. Ukizirudisha kombo, makosa mawili hujumlishwa badala ya kufutana. Nililipa pesa ya fundi, na krosi yangu mpya ilikuwa imekwisha haribika.

Basi, ndugu zangu, jibu langu ni hili: kazi hii mtu aweza kuifanya mwenyewe, ikiwa gari ni yake na vifaa anavyo. Vifaa vyenyewe ni standi za chuma, kabari za magurudumu, jiliwa lililofungwa imara mezani, na spana zake. Egesha mahali tambarare na pagumu, utie kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Kumbuka kwamba propela ikisha toka, gia haiizuii gari tena, hata ukiiacha ndani ya gia. Usiingie chini ya gari iliyosimama juu ya jeki peke yake, wala mawe, wala matofali. Piga alama kila kipande kabla hujakifungua. Toa vile vipete vinavyozuia vikombe, kisha visukume vikombe kwa jiliwa. Usipige nyundo bomba la propela, maana likibonyea halifai tena. Peleka krosi ya zamani dukani uipime na mpya. Ukifunga, angalia sindano moja isilale ndani ya kikombe. Ikilala, kipete hakitaingia mahali pake. Mwisho ikunje kwa mkono: iende laini, isikwame wala isicheze.

Kama hata kimoja katika hivyo huna, nenda kwa fundi. Nunua krosi wewe mwenyewe, simama karibu utazame, omba urudishiwe ile mbovu. Lakini bei ya kazi yake usiivunje mpaka mifupa. Sisi hulalamika tajiri akipunguza malipo yetu, kisha jioni tunakwenda kumpunguzia fundi aliyelala kifudifudi juu ya mafuta tangu asubuhi. Yeye naye ni mfanyakazi. Unafuu unaotoka katika mbavu za mwenzio si unafuu, na ule unaotoka katika mbavu zako mwenyewe pia si unafuu. Mimi karibu niulipe kwa kifua.

Neno la mwisho ni juu ya gari za matajiri. Dereva huambiwa, "Wewe unajua gari, hebu ifunge hiyo krosi Jumapili." Hana standi, hana malipo, wala hana karatasi. Ndugu, hiyo si kazi ya dereva. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, mfanyakazi hupaswa kumwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo kazini. Basi ukisikia "tak!" chini ya sakafu, toa habari, na uiandike, uweke nakala. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini ukivunjika siku ya mapumziko, kwa amri ya mdomo tu, ushahidi utautoa wapi? Na ukikataa peke yako utaitwa mkaidi. Tukikataa pamoja, standi zitanunuliwa na fundi ataitwa.

Wale wenye standi na jiliwa na wajiandikishe kwa katibu, ili tuazimane. Hapo hakuna mwanachama atakayelala tena chini ya matofali.

Umoja ni nguvu.