Kununua Gitaa la Mapajani la Bei Ndogo

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja cha muziki, nacho ni gitaa lile lilazwalo juu ya mapaja ya mpigaji, likapigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Vijana kadhaa wamenijia wakaniuliza: "Bwana, mimi ndio kwanza naanza, na fedha zangu ni chache. Je, ninunue la bei ndogo, au ningoje mpaka nipate la thamani?" Jawabu langu ni hili: nunua la bei ndogo, lakini usilinunue kwa macho, linunue kwa kipimo.

Asili ya chombo hiki ni visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki. Mtu atajwaye kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Oahu. Husimuliwa ya kuwa alipokuwa kijana wa shule aliokota kipande cha chuma kando ya njia ya reli, akakitelezesha juu ya nyuzi za gitaa lake, akasikia sauti ikilia mfano wa mtu aimbaye. Baadaye, mwaka 1915, palikuwa na maonyesho makubwa mjini San Francisco, na muziki wa Hawaii ukasikiwa huko na watu wengi mno, ukaenea. Ulifika hata Bara Hindi: Tau Moe, mpigaji wa Hawaii, alikaa Calcutta katika miaka ya 1940. Aliyepata kutazama sinema za Kihindi za zamani, Mombasa au Unguja, bila shaka amekwisha kuisikia sauti hiyo, ijapokuwa hakujua jina la chombo.

Basi angalieni jambo hili. Kekuku hakuanza kwa chombo cha fahari. Alianza kwa gitaa la kawaida na kipande cha chuma. Hata gitaa la kwanza la umeme lililofanikiwa sokoni, lile lililobuniwa na George Beauchamp na kuanza kuuzwa mwaka 1932, lilikuwa gitaa la mapajani la alumini, nalo kwa umbo lake likaitwa kikaango. Sababu yake ni nyepesi. Katika gitaa la kawaida kidole huukandamiza uzi mpaka ugote shingoni, kwa hiyo shingo yapasa kuchongwa kwa ustadi mwingi. Katika hili letu uzi haugoti shingoni kabisa. Chuma hupita juu yake tu. Ubao imara, nyuzi sita, na sumaku chini yake ya kushika mtikiso wa nyuzi, vyatosha. Ndiyo maana la bei ndogo laweza kuwa jema.

Lakini laweza pia kuwa baya, nami nilijifunza hayo kwa hasara. La kwanza nililonunua lilikuwa jekundu, liking'aa kama kioo. Nilijifunza kwa miezi minne, kila jioni, na kila nilipofika kwenye mstari wa kumi na mbili sauti ilikuwa chini. Nikajiambia sina sikio la muziki. Nilikuwa tayari kuliuza nisishike chombo tena, hata rafiki yangu, fundi cherehani, akachukua utepe wake wa kupimia. Tukakuta kwamba kutoka mstari ule hadi kijiti cha chini kinachobeba nyuzi palikuwa parefu kwa nusu inchi kuliko kutoka kijiti cha juu hadi mstari. Kumbe sikio langu lilikuwa kweli, na mstari ndio uliokuwa mwongo.

Kwa hiyo uendapo dukani, chukua utepe. Pima kutoka kijiti cha juu hadi mstari wa kumi na mbili, kisha kutoka hapo hadi kijiti cha chini. Vipimo hivi viwili viwe sawa. Tena mstari wa tano uwe penye robo ya urefu wote wa uzi, na wa saba penye theluthi. Mpigaji huweka chuma juu ya mstari wenyewe, wala si nyuma yake. Mistari ikikosea, mkono wa anayeanza utakosea pamoja nayo.

Pili, laza rula juu ya nyuzi. Iziguse zote sita kwa pamoja. Kama mmoja uko chini, chuma hakitaushika vema. Tatu, kaza nyuzi zote mpaka sauti zake, uzungumze na mwenye duka kwa robo saa, kisha uzipige tena. Zikiwa zimelegea sana, funguo zake ni dhaifu. Nyuzi mpya hulegea kidogo, lakini si kwa kadiri hiyo.

Fedha utakazookoa, nunua chuma kizito, kigumu, kilicholainishwa vizuri, maana chuma chepesi hufanya nyuzi zikwaruze. Kumbuka pia kwamba gitaa la umeme lataka kikuza sauti, na bei yake haimo katika bei ya gitaa.

Asiye na umeme nyumbani asikate tamaa. Gitaa la kawaida lililokwisha tumika lafaa, likiwekewa kijiti kirefu cha juu cha kuinua nyuzi kiasi cha sentimita moja. Zifunge kwa namna iitwayo D wazi: nyuzi nne hushushwa, mbili huachwa kama zilivyo, wala hapana hata mmoja unaopandishwa. Jihadhari na namna zile zinazopandisha nyuzi nene juu ya kadiri yake, kwa sababu ubao mwembamba hauwezi kuzistahimili, na kijiti cha chini huweza kubanduka.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa yule atafutaye udhuru wa kutolima. Lakini jembe lenye mpini uliovunjika humwonea hata mkulima hodari, na mwanafunzi, kwa kuwa bado ni mwanafunzi, huudhania ubovu wa chombo kuwa ni upungufu wake mwenyewe. Pimeni kwanza, ndugu zangu. Kisha, mkikosea, mtajua kwa haki kosa ni la nani, nanyi mtaweza kulirekebisha.

Muda wangu umekwisha. Kwaherini.