Kidonge cha Magoti na Kidonge cha Presha



Wengi katika wazee wetu wanaoswali juu ya viti wana maumivu ya magoti, na wengi wao humeza pia dawa za shinikizo la damu kila siku. Hizi za shinikizo huandikiwa na daktari. Za magoti, yaani diklofenaki au ibuprofeni, hununuliwa dukani, na daktari hana habari nazo. Leo napenda kueleza yatokeayo dawa hizo zikutanapo mwilini.

Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo. Mshipa unaoingiza damu katika chujio husaidiwa kubaki wazi na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo pia zinazoleta maumivu na uvimbe, na diklofenaki huzizuia popote zilipo. Hivyo mshipa ule husinyaa. Kwa upande wa pili, dawa kama kaptoprili, enalaprili na losatani hulegeza mshipa unaotoa damu, na vidonge vya kukojosha hupunguza maji mwilini. Zikiungana zote tatu, mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea u wazi, na maji yenyewe ni machache. Figo huweza kushindwa kazi pasipo maumivu yoyote. Pengine mtu huona tu mkojo umepungua na miguu imevimba. Hatari huzidi kwa mwenye kuharisha au kutapika, na katika joto la saumu ambapo mtu hajanywa maji tangu alfajiri.

Tena diklofenaki yenyewe huweza kupandisha shinikizo. Mgonjwa hulalamika kwamba dawa za hospitali hazimfai, kumbe anazipinga mwenyewe kwa kidonge cha pili. Wala msidhani sindano haihesabiwi. Sindano ya diklofenaki ni dawa ile ile.

Wako wanaomeza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo. Ibuprofeni huitangulia na kukalia mahali pake katika chembe zinazogandisha damu, ikaondoa faida yake. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba ibuprofeni imezwe angalau dakika 30 baada ya aspirini ya kawaida, au zaidi ya saa 8 kabla yake. Ama mwenye kutumia warfarini, asizikaribie dawa hizi bila ya daktari, kwani huweza kuvuja damu tumboni. Choo kikiwa cheusi kama lami, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Parasetamoli haimo katika kundi hili, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Lakini someni kasha vizuri, maana viko vidonge vilivyochanganywa parasetamoli na diklofenaki pamoja.

Wala asiache mtu dawa zake za shinikizo kwa kuyasikia haya. Cha kusimamisha ni kile kidonge cha dukani, mpaka daktari aonyeshwe makasha yote.