Paka Wako, Bustani Yangu

Leo nina kesi ambayo haifiki kwa chifu wala kwa kadhi, ila imewanunisha majirani wengi hapa Pwani: kesi ya paka na tuta la mchicha.

Unalijua tuta lenyewe. Umeutifua udongo asubuhi, umeuchambua mawe na mizizi, umemwaga mbegu na kuzifukia kwa kiganja. Kesho yake unakuta vishimo viwili vitatu, mbegu zimetupwa kando, na harufu isiyohitaji maelezo. Ukichutama utaona kazi ilivyofanywa kwa adabu: kachimba, kajisaidia, kafukia, na nyayo zinaelekea ukutani kwa jirani. Wala hakufanya kwa uadui. Paka hupenda udongo mkavu, laini, unaochimbika bila taabu, nawe umeshinda ukimtengenezea.

Basi unakwenda kwa jirani.

"Shikamoo shangazi. Paka wako kanifukulia mchicha tena."

"Marahaba mwanangu. Paka gani? Huyu? Huyu hana mwenyewe. Huja tu hapa magharibi akanikodolea macho, nami nikamtupia kichwa cha kibua."

Umerudi nyumbani mikono mitupu. Na shangazi hakusema uongo. Paka wa mitaa yetu anakula kwa shangazi, analala juu ya paa la mwalimu, anazalia kwenye stoo ya duka la pembeni. Akikamata panya, mtaa mzima unajisifu naye. Akila kifaranga, hana mwenyewe. Mimi naona ugomvi wetu wote umo humo, kwenye kichwa cha kibua. Anayempa paka chakula kila jioni ndiye mwenye paka, akubali asikubali.

Sisemi paka afungiwe ndani. Nyumba zetu madirisha ni ya nondo na wavu uliotoboka, mlango wa uani uko wazi kutwa, na paka tulimkaribisha kwa sababu ya panya. Panya hakai sebuleni akisubiri. Yuko kwenye mfereji, kwenye dari, nyuma ya magunia. Paka asiyetoka hana kazi. Halafu kuna mafunzo ya dini ambayo wengi wetu tumekua nayo: kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na kwamba mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa kumfunga paka, asimlishe, wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini. Watu huikumbuka hadithi hiyo kwa ile sehemu ya kufunga. Sehemu ya kulisha ina uzito uleule.

Lakini kumwacha huru ni jambo moja, na kumtetea kwa kila analofanya ni jambo jingine. Wahenga wetu walilisema hili katika ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Askofu Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa Unguja. Paka wa sultani alikamata ndama. Watu wakashitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akapanda ngazi: mbuzi, ng'ombe, punda, mpaka akafikia watu, na jibu la sultani halikubadilika. Alibadilisha maneno siku paka huyo alipowala watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo akatambua kwamba aliyekuwa akimtetea si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu. Sultani Majnuni anaishi katika kila mtaa, msikilizaji, na mara nyingi amevaa leso na ameshika sahani ya mifupa ya samaki.

Sasa twende Nairobi. Mwaka 2024 Kaunti ya Jiji ilileta mswada wa udhibiti na ustawi wa wanyama. Mwenye paka asajili paka wake na alipe shilingi 200 kwa mwaka. Aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Ahakikishe paka hapigi kelele za kusumbua majirani, na jike akiwa katika joto afungiwe. Wakenya walicheka, kisha wakakasirika. Ilikuwa miezi michache tu baada ya vijana kuingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na serikali nyingine inaonekana imeanza kuhesabu paka. Nami nilicheka. Hebu mwambie paka dume aliye juu ya mabati saa nane za usiku kwamba kuna mswada.

Ila ukiondoa kile kifungu cha kelele, mswada ulikuwa umegusa mahali pake. Chanjo na kuzuia uzazi: hayo mawili ndiyo kiini. Tatizo ni kwamba ulianza na risiti.

Nieleze kwa nini uzazi. Paka jike hupata joto kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya, mchana unapofupika wakati wa baridi, paka wengi hupumzika kuzaa. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Mchana wa Januari na mchana wa Julai hapa Mombasa haupishani kwa jambo kubwa. Kwa hiyo paka wetu hana likizo. Anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, yeye mwenyewe bado ni kitoto. Anabeba mimba wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajaachisha waliopo kunyonya. Yule mmoja wa shangazi, anayekuja tu magharibi, baada ya mwaka huwa kundi. Na katika kundi hilo wanatoka mapaka shume, wale wenye masikio yaliyochanika, wanaokojolea milango na kupigana juu ya paa. Paka dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo. Mkulima wa mchicha angefaidika na kisu cha daktari wa mifugo kuliko jiwe analorusha.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ambao ulifuata paka wa kufugwa 925 katika nchi sita kwa vifaa vidogo vya GPS shingoni. Mtu angedhani wanazunguka mji mzima. La. Muda mwingi waliutumia ndani ya mita 100 hivi kutoka nyumbani kwao. Maana yake, uharibifu wao haujatawanyika. Umekaa papo hapo, kwenye bustani nne au tano zinazoizunguka nyumba, na viumbe wa hapo ndio wanaolipa: mjusi, tetere, chozi anayenyonya maua ya mkomamanga wako. Majirani hao wanajuana kwa majina. Hakuna haja ya wakili.

Kuhusu ndege, Marekani watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ni ya paka wasio na mwenyewe. Huko mji wa Walldorf, Ujerumani, mwaka 2022 mamlaka iliamuru paka wa eneo fulani wafungiwe ndani miezi ya kuzaliana ya ndege mmoja adimu anayetaga chini. Canberra, Australia, paka yeyote aliyezaliwa kuanzia Julai 2022 lazima azuiliwe kwenye boma la mwenyewe. Wenzetu hao wana vioo madirishani na chakula cha kopo. Siwaonei wivu na siwaigi. Lakini kuna la kuchukua kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Mwaka 2021 waligundua kwamba paka akilishwa chakula chenye nyama nyingi, mawindo anayoleta nyumbani hupungua kwa asilimia 36, na akichezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku hupungua kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni, ambayo wengi tunaiamini, haikuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo ukimpa paka ugali mkavu ukatarajia amheshimu kuku wa jirani, umejidanganya.

Kwa kuku, hata hivyo, nimtetee kidogo. Hapa Pwani kifaranga kikipotea, paka anahukumiwa kabla ya ushahidi. Na kunguru je? Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wageni kutoka bara Hindi, hunyakua vifaranga mchana kweupe, hata Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mwewe naye yupo. Angalia juu kwanza ndipo umtazame paka.

Sasa afya, maana hapa maneno ya vijiweni huwa mengi. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplasma, chenye hatari kwa mimba. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba paka aliyeambukizwa kwa kawaida hukitoa kimelea hicho kwa wiki moja hadi tatu tu, na kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Kwenye udongo wenye unyevu, ndipo kimelea hudumu miezi mingi. Basi mama mjamzito hana sababu ya kumtupa paka ufukweni. Amwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi, kizolewe kila siku, avae glavu akilima, aoshe mchicha kwa maji mengi, na nyama aipike ikaiva, kwa sababu nyama mbichi nayo huambukiza. Na kichaa cha mbwa, ambacho karibu mara zote hutoka kwa mbwa, paka anaweza kukipata na kukipitisha. Ukiumwa au ukiparuzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama paka atakufa.

Mwenye bustani naye ana kazi. Tandaza wavu wa kuku juu ya tuta mpaka miche isimame, chomeka vijiti karibu karibu, na umwagilie jioni, maana paka hachimbi tope kwa hiari. Lako ni hilo. Sumu si lako. Mtu anayetega kipande cha nyama chenye sumu ya panya hajui nani atakiokota kwanza, paka, mbwa wa jirani au mtoto anayetambaa, na sheria ya Kenya dhidi ya ukatili kwa wanyama haina kifungu cha kumsamehe mwenye mchicha.

Na shangazi? Nimsihi kwa heshima zote. Amwekee huyu "anayekuja tu" beseni la mchanga mkavu kwenye kona ya uwanja wake mwenyewe. Amkubali kwa jina. Ampeleke akachanjwe. Akahasiwe pia, na hapo ndipo shangazi atakaponiuliza kwa pesa gani, kwa sababu kumhasi jike kwa daktari binafsi hugharimu maelfu ya shilingi, na kichwa cha kibua alikipata bure.

Hilo ndilo swali ninalowaachia waheshimiwa wawakilishi wa wadi, wa Nairobi na wa kaunti zetu za Pwani watakaoshawishika kuuiga mswada ule. Mtu akitoa shilingi zake 200 kwa ajili ya paka, je, paka huyo atarudi nyumbani amechanjwa na amehasiwa, au mwenyewe atarudi na karatasi?