Je, Wazazi Wameridhika?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twaomba ruhusa kuuliza swali ambalo husemwa kwa mnong'ono tu: je, wazazi wameridhika na msaada wa serikali ya kaunti katika kuwalea watoto wao?

Kwanza yafaa tujue mdaiwa ni nani. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti 47 kazi ya elimu ya chekechea, vituo vya kutunzia watoto, na zahanati. Shule za msingi na za sekondari zilibaki mikononi mwa serikali kuu. Basi mzazi aendaye kwa mwakilishi wa wadi kulalamikia karo ya sekondari amebisha mlango usio wake. Bali alalamikiaye darasa la chekechea lisilo na choo amefika penyewe.

Shukrani hazina budi kutangulia. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, madarasa mengi ya chekechea yamejengwa na walimu wameandikwa. Huko Nairobi, mwaka 2023, ulianzishwa mpango wa chakula cha mchana shuleni, mzazi akitoa shilingi 5 kwa mlo mmoja. Mama atokaye alfajiri kutafuta kibarua aijua thamani ya jambo hilo kuliko sisi tukaao maofisini.

Hata hivyo, katika ziara zetu mwaka huu tumesikia mengine. Wako wazazi ambao bado huchanga fedha za kumlipa mwalimu wa chekechea. Wako waliokuta zahanati iko wazi na dawa hakuna. Tulipowauliza, "Mmelisema wapi neno hili?" walijibu, "Tungemwambia nani?"

Ndugu zetu, hapo ndipo penye ugonjwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini afisa asiyeusikia mshindo huo huandika ya kwamba watu wameridhika. Katiba imeliamuru bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya fedha hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Alalamikaye mwezi wa Agosti amechelewa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba kila tawi lichague wazazi wawili, na mmoja wao awe mama. Waandike mahitaji ya watoto, lililo zito likitangulia, wahudhurie mikutano ya makadirio, kisha warudi kutuarifu walilojibiwa. Nanyi wazee wetu, twawasihi muwape akina mama nafasi ya kusema kwanza, kwani wao ndio wapangao foleni zahanati na mtoto mgongoni.

Tukiridhika, tushukuru hadharani. Tusiporidhika, tuseme kwa adabu, na kwa wakati wake.