Kuandika huku mtoto analia

Wandugu, bamama na bababa mulio nyumbani,

Muliniomba niseme namna gani ninaandika na watoto wawili mikononi. Jibu fupi: sikai chini kuandika. Nikikaa tu, mmoja analia.

Ninaanza na sauti. Niko nafua nguo, telefone iko kando, ninaongea dakika mbili: foleni ya bidoni pale robine ilianza saa ngapi, bidoni moja ni bei gani leo. Usiku wakilala, ninasikiliza na kuandika mistari kumi. Kumi inatosha. Intaneti ninafungua mara moja tu, kutuma, juu mega zinaisha mbio.

Tarehe na saa, kila mara. Nyiragongo ilipolipuka, 22 Mei 2021, niliandika saa tuliyotoka nyumbani. Tarehe 27 gavana alipoamuru sehemu ya Goma ihame, niliandika njia tuliyopita kwenda Sake. Leo watu wakibishana juu ya siku zile, mimi ninafungua daftari.

Kuna mahali nilikosea. Niliweka picha ya mtoto wangu na uniforme, jina la shule linasomeka. Kesho yake mtu nisiyemjua akaniandikia, akaitaja shule ile. Niliifuta picha huku mikono inatetemeka. Sasa ninapiga picha ya bidoni, ya barabara. Uso wa mtoto, hapana. Kartie ninataja, namba ya nyumba hapana.

Na ninyi bababa: jioni mushike watoto nusu saa, mama amalize mistari yake. Ama muandike ninyi, yeye apumzike.